Herufi x iliyomkatalia mpwa wangu

"Mjomba, mbona kompyuta yako inaandika maneno yake yenyewe?"

Nilikuwa jikoni nageuza ndizi. Mpwa wangu, binti wa dada, alikuwa sebuleni tangu saa mbili usiku. Chaja ya laptop yake ilikufa asubuhi ile, na barua ya kuombea nafasi ya mafunzo kwa vitendo ilitakiwa itumwe kabla ya saa sita. Nilimfungulia Vim, programu ninayoandikia kazi zangu zote, nikambonyezea i ili aweze kuanza, nikamwambia, "Haya, andika." Nikarudi kwenye ndizi zangu.

Nilipokuja nikakuta skrini imeandika: *epamoja naerience*.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Alitaka kuandika *experience*. Mstari wa juu yake, mahali pa *exam*, palisomeka *eambayem*, na penye *next* palikuwa na *netangu*. Kila neno alikuwa amelijaribu mara mbili tatu, anafuta, anaandika tena polepole zaidi, akidhani kosa ni la vidole vyake.

"Bonyeza x mara mbili," nikamwambia. "Ukibonyeza mara mbili inakuja x ya kawaida."

Akabonyeza, ikaja. Mistari miwili mbele akasahau, maneno yakamwagika tena. Ilikuwa saa nne na nusu. Akafuta kila kitu, akasogeza kiti nyuma taratibu, kwa adabu ile ya mtu aliyekula kwako chakula kisichomkaa.

"Usijali, mjomba. Nitaandika kwa simu tu."

Akaandika ukurasa mzima kwa vidole gumba viwili, amejikunja kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwenye kompyuta ambayo kwa miaka tisa nimekuwa nikiirekebisha ili kuandika kuwe rahisi.

Barua ilifika kwa wakati. Wiki sita zimepita, na bado namwona pale kwenye kochi.

## Kwa nini x

Anayeandika Kiswahili kutwa nzima anajua, bila kufundishwa, kwamba kuna vitufe ambavyo vidole vyake havivigusi. Q na x hazimo katika alfabeti yetu. C haisimami peke yake, lazima ishikane na h. Kibodi ninayotumia ina herufi 26, na mbili kati yake kwangu zilikuwa viti vitupu.

Mimi ni mfasiri na mhariri. Kwa siku naweza kupitisha maneno elfu tatu mikononi, na mengi ni yale yale: ambaye, pamoja na, kwa sababu, kutokana na, utekelezaji. Siku moja nikajiuliza kwa nini niandike "kutokana na" herufi kwa herufi mara arobaini kwa siku, wakati kuna kitufe kizima kimekaa bila kazi.

Ndipo x ikawa mlango. x na p: pamoja na. x na a: ambaye. x na t: tangu. x na k: kwa sababu. Orodha ilikua hadi ikapita sabini.

Niliyoipenda kuliko zote lakini ni ndogo sana, na haina x ndani yake:

`inoremap nq ng'`

Anayeandika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa anaijua tabu ya alama ile. Iko pembeni kulia, kidole kidogo kinaifuata kwa kunyooka, na programu nyingi za ofisi zikiiona huigeuza kuwa alama ya nukuu iliyopinda, na mhariri anabaki kuiwinda ukurasa kwa ukurasa. Sasa naandika nqombe, na ng'ombe anatokea akiwa mzima. Mara ya kwanza ilipofanya kazi niliandika ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe, mstari mzima, kwa furaha tupu.

Watu wa pwani walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walikuta herufi zile hazina p, hazina v, hazina ch. Walizitafutia njia, wakaandika. Nilijiona nipo katika kazi hiyo hiyo, mwishoni kabisa mwa foleni.

## Skrini iliyoganda

Kabla ya kufika huko nilipitia jambo lililonifundisha kwamba kibodi ni mali ya urithi, na marehemu hawakutoka na vitu vyao.

Mwezi wa kwanza wa kutumia Vim nilitaka Ctrl na S ihifadhi faili, kama nilivyozoea kwingine. Nikaandika mstari mmoja kwenye faili ya mipangilio, nikarudi kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikabonyeza Ctrl+S.

Kila kitu kikasimama.

Kielekezi hakikusogea. Herufi hazikutokea. Nilikuwa na kurasa nane za tafsiri ambazo hazijahifadhiwa, na mikono ikaanza kutoa jasho. Nilibonyeza kila nilichokiona. Mwishowe nikazima kompyuta kwa kushikilia kitufe cha umeme, na kurasa nane zikaondoka.

Kompyuta haikuwa imeganda. Terminali ilikuwa inanitii. Zamani za mashine za teletaipu, zilizochapa kwenye karatasi, palihitajika njia ya kuuambia upande wa pili "subiri kwanza, karatasi haijawahi." Ishara hiyo ya kusimamisha ilipewa namba 19, na ya kuendelea namba 17. S ni namba 83 katika ASCII, orodha ya mwaka 1963 inayoipa kila herufi namba yake. Ctrl huondoa 64, inabaki 19. Q ni 81. Ondoa 64, inabaki 17. Kwa hiyo Ctrl+S ni "simama" na Ctrl+Q ni "endelea", na terminali yangu ilikuwa bado inamngojea mtu wa karatasi.

Ningebonyeza Ctrl+Q tu, kurasa zangu zingerudi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayofanya Ctrl+I iwe sawa na Tab (73 toa 64 ni 9), Ctrl+M iwe sawa na Enter (77 toa 64 ni 13), na Ctrl na mabano ya mraba yanayofungua iwe Esc (91 toa 64 ni 27). Ukibadilisha kimoja kwenye terminali ya aina ile, umebadilisha na pacha wake. Wengi tumepoteza jioni nzima tukitafuta kwa nini Tab imeacha kufanya kazi.

Nikaanza kuuliza kila kitufe kilitoka wapi. Kwa nini katika Vim unasogea kwa h, j, k na l? Kwa sababu Bill Joy, aliyeandika vi, programu iliyoitangulia Vim, pale chuo kikuu cha Berkeley mnamo 1976, alikuwa nyumbani na terminali ya ADM-3A, yaani skrini na kibodi tu, kompyuta yenyewe ikiwa mbali, na juu ya vitufe hivyo vinne palikuwa pamechorwa mishale. Kitufe cha Esc, kinachokutoa kwenye kuandika na kukurudisha kwenye amri, kwenye ADM-3A kilikaa mahali ilipo Tab leo, kidole kinakifikia bila safari. Modemu yake ilikuwa ya baudi 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja ingechukua zaidi ya dakika moja kujaa. Katika hali hiyo amri ya herufi moja inayogusa mstari mmoja tu ina maana kubwa.

Alizipanga amri zake kwa mikono yake, kwa meza yake, kwa kasi ya simu ya nyumbani kwake. Alikuwa na haki. Baadaye kibodi zikabadilika, Esc ikahamishiwa pembeni kabisa juu, na amri zikabaki vile vile. Mimi niko Tabata, nanyoosha kidole kuifuata Esc ambayo haiko tena pale alipoizoea yeye.

## Kidole kidogo

Ushauri wa kwanza utakaopewa na mtu yeyote wa Vim ni huu: geuza Caps Lock iwe Esc. Wengine watasema igeuze iwe Ctrl. Watu wa Emacs, programu nyingine ya kuandikia iliyozaliwa chuo cha MIT mwaka huo huo wa 1976, wana jina maalumu la maumivu ya kidole kidogo yatokanayo na kushikilia Ctrl.

Nilifuata ushauri. Baada ya miezi minne kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilianza kuuma usiku.

Sikuelewa. Wote walisema mabadiliko haya yanapunguza maumivu. Nilibadilisha kiti, nikapandisha meza kwa vitabu, nikajifunga kitambaa. Ikanichukua muda mrefu kufanya jambo lililokuwa rahisi: kuhesabu.

Chukua *haba na haba hujaza kibaba*. Herufi 22. Kati yake 9 ni a, na moja ni z. Zote kumi ni za kidole kidogo cha kushoto. Karibu nusu ya methali nzima imebebwa na kidole dhaifu kuliko vyote, na vile saba vingine vya kuandikia herufi vinagawana kilichobaki.

Si methali hiyo tu. Fungua ukurasa wowote wa Kiswahili, hesabu a. Sisi ndio wenye wa, ya, za, la, ka, na kila kitenzi kinachofungwa kwa a. Anayeandika Kiingereza kidole chake cha kushoto kina nafasi ya kufanya kibarua cha ziada cha Caps Lock. Changu kilikuwa tayari na zamu mbili.

Ushauri ulikuwa mzuri. Ulitolewa na watu wa lugha nyingine, kwa ajili ya mikono inayoandika lugha nyingine.

Nikaiacha Caps Lock. Badala ya Esc nikaweka j na k kwa mfuatano, vidole viwili vyenye nguvu vya mkono wa kulia, kwa kuwa katika Kiswahili j haiwezi kufuatwa na k. (JKT haisumbui, herufi kubwa ni jambo jingine kwa Vim.) Kazi za Ctrl nikazipeleka kwenye kitufe kirefu cha nafasi, nikikibonyeza kwa kidole gumba na kufuatiwa na herufi moja: nafasi na w kuhifadhi, nafasi na q kufunga. Maumivu yaliisha ndani ya wiki chache.

Naeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba sikuwa nachezea. Kila mstari kwenye faili ile ulikuja baada ya kitu kuuma, kupotea au kunichelewesha. Ndiyo maana lile jambo la kochi lilinikaa vibaya. Nilikuwa nimefanya sawa kila hatua, na mwisho wake mtoto wa dada yangu hakuweza kuandika barua nyumbani kwangu.

## Randa ya seremala

Juma la kwanza nilijitetea. Hii ni kompyuta yangu ya kazi. Seremala ana randa yake, mpini umelika kwa kiganja chake, na hakuna anayemlaumu kwamba wewe ukiishika inakukwaruza. Mkuu wa kazi hajifungi kwa ajili ya mgeni wa jioni moja.

Hoja ilisimama vizuri hadi nilipokumbuka ofisi moja.

Miaka mitatu nyuma mteja aliniita kwake nisahihishe taarifa papo hapo, kwenye kompyuta yao. Kazi ya dakika ishirini. Kila sentensi niliyoandika ilimalizika kwa jk. Nikaandika nqambo, ikabaki nqambo. Watu watatu wamesimama nyuma yangu, mmoja akauliza kwa upole kama kibodi yao ina tatizo. Nikasema ndiyo, nadhani ina tatizo kidogo. Ilinichukua saa nzima.

Kibodi yao haikuwa na tatizo, na niliyesema uongo ule ni mimi.

Sikuwa nimewahi kuyaweka matukio haya mawili pamoja. Nilivyokuwa pale ofisini ndivyo mpwa wangu alivyokuwa sebuleni kwangu: mtu anayejua kuandika, amekaa mbele ya kibodi inayofanana na kila kibodi, na vidole vyake vinaadhibiwa kwa sheria asiyoiona.

Hapo ndipo randa iliponiponyoka. Randa ya mwenzio ukiishika unaona. Unaona kisu kilivyotokeza, unahisi mpini ulivyolika, unajua kabla ya kuanza kwamba hiki ni cha mtu. X yangu imechapwa x kama ya dukani. Hakuna alama popote kwamba nimeweka kitu nyuma yake.

Larry Tesler, aliyefanya kazi kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC miaka ya 1970, alipigania jambo hili karibu maisha yake yote. Ndiye aliyetuachia kukata, kunakili na kubandika, na Z, X, C, V zilizopangwa safu moja ni kazi yake ya Apple. Alichukia hali za siri, pale kitufe kile kile kinapofanya jambo hili sasa na jambo jingine baadaye. Namba ya gari lake ilisomeka NO MODES, yaani hakuna hali. Kabla ya kubuni alimkalisha mtu asiyezoea kompyuta mbele ya skrini tupu, akamwuliza angependa kufanyaje, akasikiliza.

Mimi nilikuwa na mtu huyo sebuleni. Nilimwambia abonyeze x mara mbili.

Kwa siku kadhaa nilifikiri kuachana na yote. Nirudi kwenye mipangilio ya kiwandani, nizoee upya kama kila mtu, nikiitwa popote niweze kukaa na kuandika. Nilijaribu kwa siku mbili. Siku ya pili usiku kidole kidogo kilianza tena kuchoma.

## Mstari niliouzima

Ili kujaribu, nilifungua Vim hivi: `vim --clean`. Inafunguka bila mpangilio wowote wa mwenye nyumba.

Katikati ya skrini tupu kukatokea maandishi machache. Jina la programu, toleo, jina la Bram Moolenaar na wenzake. Chini yake mstari huu, kwa Kiingereza: wasaidieni watoto maskini wa Uganda. Na amri ya kubonyeza ukitaka kujua zaidi.

Nilikaa nikiutazama. Miaka tisa sikuwa nimeuona, nikaenda kutafuta sababu kwenye faili yangu. Ilikuwa mstari wa tatu kutoka juu:

`set shortmess+=I`

Maana yake ni usinionyeshe salamu ya kufungulia. Sikuuandika mimi. Wiki ya kwanza nilinakili mipangilio ya mtu fulani kutoka intaneti, nzima nzima, bila kusoma, kwa kuwa aliahidi itafunguka haraka.

Nikaandika `:help uganda`.

Ukurasa unaeleza mahali panapoitwa Kibaale, mji mdogo kusini mwa Uganda, wilaya ya Rakai, karibu na Tanzania. Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991 kwa ajili ya kompyuta ya Amiga, alikwenda Kibaale mwaka 1994 akajitolea mwaka mzima kwenye kazi ya maji na usafi. Programu yake ni ya bure kwa kila mtu, na ombi moja tu: ukiipenda, changia watoto wa kituo cha Kibaale, wengi wao waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Ukurasa unataja pia shirika la Kanada liitwalo Kuwasha. Jina hilo halikunihitaji kufungua kamusi.

Karibu na Tanzania. Mimi nimekulia Missenyi, mkoani Kagera. Wakati ule, ukivuka mpaka pale Mutukula, uko wilaya ya Rakai kwenyewe.

Sihitaji kuelezwa ugonjwa ule ulifanya nini kule. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa Kagera. Kabla haujapata jina, kwetu uliitwa Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyokuwa vinapita mpakani wakati huo. Darasani kwetu wanafunzi wengi waliishi kwa bibi zao, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mwalimu akisema mlete mzazi, walileta bibi.

Watoto wale wa kwenye skrini walikuwa jirani zetu. Lugha zetu zinakaribiana. Mtu wa Uholanzi aliwaweka mahali ambapo mtumiaji yeyote wa Vim duniani angewaona, na mimi niliyetoka ng'ambo ya mpaka wao nilikuwa nimewazima ili kuokoa sehemu ya sekunde.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Nakumbuka siku zile watu wa Vim waliandika mengi. Nilisoma, nikasikitika kama mtu anavyomsikitikia fundi wa mbali, nikaendelea na kazi.

Nilifuta mstari wa tatu usiku huo. Halafu nikaanza kusoma mistari mingine yote, kuanzia wa kwanza, nikiuliza kila mmoja unaficha nini na unamficha nani. Ilikuwa mistari 412. Asubuhi ilibaki 190. Mingi niliyoifuta sikuwahi kuitumia hata mara moja.

Ya x nilishindwa kuifuta.

## Ctrl na 6

Jibu lilikuwa ndani ya Vim muda wote, katika kurasa nilizozirukaruka kwa kuwa nilidhani haziniandikii mimi.

Anayeandika Kigiriki, Kiebrania au Kirusi kwenye kibodi ya Kiingereza anaishi katika maandishi mawili ndani ya faili moja. Vim iliwatengenezea ramani za vitufe: faili inayosema kitufe hiki kitoe herufi ile, na swichi moja ya kuiwasha na kuizima ukiwa unaandika. Swichi ni Ctrl na ^, ambayo kwenye kibodi nyingi ni Ctrl na 6. Ramani ikiwaka, jina lake linatokea chini ya skrini.

Sikuwahi kufikiri kwamba mimi ni mmoja wa watu hao. Herufi zetu zinafanana na za Kiingereza, kwa hiyo tunaiona kibodi kuwa tayari ni yetu, na hatuombi chetu. Kumbe Kiswahili nacho kinaweza kukaa kwenye kibodi hii kama Kigiriki kinavyokaa: kwa jina lake, kinawashwa, kinazimwa, kinaonekana.

Nikatengeneza faili `~/.vim/keymap/kiswahili.vim`:

```
let b:keymap_name = "sw"
loadkeymap
nq   ng'
Nq   Ng'
xa   ambaye
xt   tangu
xp   pamoja<Space>na
```

Na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Kwenye mipangilio mikuu nikaweka mistari miwili: `set keymap=kiswahili`, na `set iminsert=0` ili ianze ikiwa imezimwa.

Huo mstari wa pili niliufikiria kwa muda. Ningeweza kuiacha ianze ikiwa inawaka, maana mimi ndiye ninayeitumia kila siku, na kubonyeza vitufe viwili kila asubuhi ni gharama yangu. Nimeamua kuilipa. Anayekaa kwanza akute kibodi ya kila mtu. Mimi najua swichi ilipo.

Sasa nikianza kazi nabonyeza Ctrl na 6, chini ya skrini panaandikwa `-- INSERT (sw) --`, na x inakuwa mlango wangu. Nikifika kwenye jina la mwandishi aitwaye Felix nabonyeza tena, naandika x moja, narudi. Kuna ucheleweshaji kidogo. Nimeuzoea kwa wiki moja.

J na k nimeziacha zinawaka muda wote. Bado najadiliana nafsini kuhusu hilo. Kiingereza nacho hakina neno lenye jk, lakini anayeandika kifupi kwenye ujumbe atashangaa siku moja.

## Jumapili

Mpwa wangu alikuja Jumapili iliyopita, safari hii na chaja nzima. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, karibu." Tulikula, kisha nikamwomba akae kwenye kompyuta yangu aandike chochote kwa Kiingereza. Nilisimama nyuma yake, mikono mfukoni, nikajizuia kusema.

Skrini ikafunguka na salamu yake.

"Mjomba, hawa watoto wa Uganda ni wa nini?"

Nikamwonyesha amri. Alisoma ukurasa wote kimya, akasimama kwenye neno Rakai. "Huku si kule kwenu kwa babu?" Nikamwambia ni mpaka tu unaotenganisha.

Kisha akaandika. *Experience* ikatoka *experience*. Akageuka kunitazama, akaandika *next exam* kwa haraka makusudi, ikatoka kama ilivyo. Nikamwonyesha Ctrl na 6. Akaona *sw* ikitokea chini, akauliza ndani yake kuna nini, nikamfungulia faili. Nilimwacha akiisoma nikaenda kuosha vyombo.

Jumatatu asubuhi niliandika x na m, yaani "mwandishi", nikasimama kidogo kufikiri, na neno likachelewa. Nikarudia. Vim ilikuwa inasubiri, kama inavyosubiri hadi sekunde moja inapoona kuna njia nyingine inayoanza kwa herufi zile zile.

Nikafungua faili. Mstari wa mwisho kabisa haukuwa wangu:

`xmj  mjomba`

Kila nikiandika x na m nikatulia, Vim inangoja kuona kama nitaongeza j. Sijaufuta.